Duara la 1989

Jumatatu, 8 Mei 1989

Muhula wa pili umefunguliwa. Wanafunzi kumi na wanne wa Kidato cha Sita wamerudi, na hao ndio wa mwisho. Mfumo umebadilishwa, mwakani darasa lao litakuwa stoo ya madawati mabovu. Nimefundisha Kidato cha Sita hesabu miaka kumi na mmoja, mimi Gordon Ogola, mwalimu wa Hesabu na Kiswahili mwenye diploma tu, na sijasikia aliyelalamika.

Ndiyo sababu nimenunua daftari hili. Nataka muhula huu ubaki mahali. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Selpha, mke wangu, husoma kila karatasi ya Kiingereza au Dholuo anayoikuta mezani, lakini Kiswahili humchosha kwenye mstari wa pili.

Kila muhula huandika fumbo moja kwenye kona ya ubao wa Kidato cha Sita. Hakuna ruhusa ya kulifuta. Atakayelifumbua, jina lake linabaki pale mpaka shule ifungwe. La safari hii linahusu nambari changamano. Nambari hizo zina sehemu mbili, na mimi huwaambia watoto hivi: umesimama mlangoni kwenu. Sehemu ya kwanza ni hatua unazokwenda mashariki, ya pili ni hatua unazokwenda kaskazini. Thamani kamili ya nambari yako ni umbali wa kurudi mlangoni moja kwa moja, ukikata katikati ya shamba. Zidisha kila sehemu kwa yenyewe, jumlisha, na umeupata umbali huo uliozidishwa kwa wenyewe.

Basi fumbo: tafuta nambari changamano zote, zenye hatua nzima nzima pande zote mbili, ambazo thamani yake kamili ikizidishwa kwa yenyewe inatoa mwaka wetu huu, 1989. Ziko ngapi?

Jibu ninalo. Thelathini na thelathini na tatu: mia tisa, jumlisha elfu moja themanini na tisa. Unaweza kuzibadilisha nafasi, unaweza kwenda magharibi badala ya mashariki, kusini badala ya kaskazini. Nane kwa jumla. Nililipata katikati ya likizo, na nimetembea nalo kifua mbele tangu siku hiyo.

Tumeletewa pia mwalimu mpya, Masinde, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye digrii ya hesabu, kutoka upande wa Bungoma. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tutaona.

Jumatano, 10 Mei

Mpishi amempa Masinde chai ya maziwa matupu. Mimi nimepata ile ya siku zote.

Ijumaa, 12 Mei

Madam Awuor, mwalimu mkuu wetu, aliniita ofisini baada ya gwaride. Alikuwa ameshaandika ratiba kabla ya kuniuliza.

"Mwalimu Ogola, hii mzigo umebeba peke yako miaka mingi. Wacha huyu kijana akusaidie. Wewe baki na Pure, yeye achukue Mechanics."

Yaani nusu ya hesabu za darasa langu la mwisho, zile za mwendo na nguvu, nimpe mtu aliyefika Jumatatu. Nilisema, "Sawa, Madam." Nilipotoka nilimkuta Masinde kwenye veranda, akanipa mkono na kusema amesikia sifa zangu tangu akiwa chuo. Uongo mtamu. Nani chuoni anamjua Ogola wa huku Kano?

Jumatano, 17 Mei

Mvua asubuhi. Masinde, ambaye sasa pia ndiye mwalimu wa michezo, amechora uwanja wa mpira kwa kamba ndefu na vigingi, pembe zote sawasawa. Walimu walitoka wote kumtazama utadhani anajenga kanisa.

Jumapili, 21 Mei

Tukitoka kanisani Selpha alisema, "Baba Ochieng, yule mwalimu mpya anasalimia watu vizuri sana. Amenipisha kiti."

Nikamwuliza mimi nilimsalimiaje siku ya kwanza tulipoonana.

"Wewe? Wewe uliniuliza saba mara nane ni ngapi."

"Na ulijibu nini?"

"Sikujibu. Nilikuonea huruma."

Akacheka njia nzima hadi nyumbani. Mimi sikucheka.

Jumatano, 24 Mei

Leo nina jambo la kuandika, hata kama ni dogo.

Katika wale kumi na wanne kuna msichana mmoja, Nabututu. Mama yake, Maximilla, analima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji ya Ahero; walihamia hapa kutoka Bungoma mtoto akiwa mdogo. Anakuja shuleni kwa baiskeli na kurudi kwao jioni. Nimemfundisha tangu Kidato cha Kwanza. Akiwa na miaka kumi na minne aliniuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya, akalikataa jibu langu mara tatu, na mara ya nne ndipo mimi mwenyewe nikaelewa nilichokuwa nafundisha. Mwalimu hupata mtoto kama huyo mara moja, na wengine hawapati kabisa.

Leo, baada ya kipindi changu, alibeba daftari lake akanipita mlangoni, akaenda kumwuliza swali Masinde. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na chaki mkononi. Huenda lilikuwa swali la Mechanics. Sikuuliza.

Niliona wivu. Naliandika neno lenyewe kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Niliona wivu kama mtu anayemwona jirani akikamua ng'ombe wake.

Jumanne, 30 Mei

Saa kumi jioni nilikwenda kwenye tangi la maji kunawa chaki. Masinde na Nabututu walikuwa upande wa pili, hawakuniona. Walikuwa wakizungumza Kibukusu, lugha yao, ambayo mimi sijui hata kuomba maji kwayo. Lakini nambari walizitaja kwa Kiingereza, kama tunavyofanya sote, na nambari nilizisikia vizuri: thelathini, thelathini na tatu. Kisha 1989. Halafu Masinde akacheka, akamkabidhi kitu kilichofungwa kwenye gunia, naye akakipakia kwenye baiskeli na kuondoka.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Anampa jibu la fumbo langu. Na kwa lugha ambayo mwenye fumbo haijui.

Sijala chakula cha jioni. Selpha amedhani ni malaria.

Ijumaa, 2 Juni

Barua kutoka Kisumu. Chama cha walimu wa hesabu wa mkoa kinaandaa shindano la mwisho la Kidato cha Sita, Jumamosi tarehe 22 Julai. Kila shule mwanafunzi mmoja. Watatu wa kwanza watapelekwa Nairobi wiki tatu, wafundishwe na walimu wa chuo kikuu. Jina lisainiwe na mkuu wa somo, nao wawe nalo kabla ya mwisho wa Juni.

Mkuu wa somo ni mimi. Mwezi mmoja uliopita ningeandika jina la Nabututu kabla ya kumaliza kuisoma barua. Leo nimeiweka mfukoni.

Jumatatu, 5 Juni

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Kipindi cha kwanza. Niliuliza kama kuna aliyefika popote na fumbo. Amolo, kijana mpole anayekaa mbele, alisema amepata moja na hajui kama ipo nyingine. Nabututu akainuka bila kuitwa. Aliandika kwenye ubao thelathini na thelathini na tatu, na zile nane zote, kwa mwandiko wake mdogo. Nikawaza, sawa, kazi ya Masinde hiyo. Nikafungua mdomo nimwambie akae.

Hakukaa. Alishuka mstari mwingine akaandika kumi na tano, na arobaini na mbili.

Mia mbili ishirini na tano, jumlisha elfu moja mia saba sitini na nne. Nilizijumlisha kichwani mara mbili nikiomba kuwe na kosa. Hakuna kosa. Ni 1989. Na hizo nazo zina nane zake. Nambari ziko kumi na sita. Jibu langu, nililotembea nalo kifua mbele, lilikuwa nusu ya jibu.

Watoto walianza kupiga makofi. Nikanyamazisha darasa.

"Nani amekuonyesha hii?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimepata kwa shamba."

Darasa likacheka. Hawakumcheka kwa ubaya, sasa najua hivyo, lakini mimi nilisikia wananicheka mimi.

"Kwa shamba. Mpunga umekufundisha hesabu?"

"Ndio, Mwalimu. Niliweka ile kamba kwa—"

"Nabututu, mimi si mtoto. Niliwasikia wewe na Mwalimu Masinde kule kwa tangi. Nilisikia nambari zote."

Aliiweka chaki chini. Nilidhani ni hatia. Alinitazama kama anatafuta mtu aliyekuwa amesimama pale dakika moja iliyopita.

"Mwalimu, mimi sijawahi kuibia mtu hesabu."

"Katika darasa hili hatuleti jibu la mtu mwingine tukaliita letu," nikasema, nikachukua kifutio, nikafuta mistari yake yote, na fumbo lenyewe nikalifuta pia.

Alichukua mkoba wake akatoka. Tulisikia baiskeli ikigonga lango. Nilifundisha dakika thelathini zilizobaki na hakuna aliyeuliza swali.

Jumanne, 6 Juni

Nimepeleka jina la Amolo Kisumu. Madam Awuor aliuliza, "Kwani si Nabututu?" Nikasema Amolo ametulia zaidi.

Ijumaa, 9 Juni

Mvua tangu juzi. Nabututu hajaonekana wiki nzima. Kiburi.

Jumanne, 13 Juni

Nimefundisha mizizi ya tatu ya nambari changamano. Watu hudhani nambari ina mzizi mmoja wa tatu. Kumbe inayo mitatu, imekaa kwenye duara kwa nafasi sawasawa, kama mafiga. Ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, na miaka yote huwa na mtu mmoja darasani ambaye macho yanamfunguka. Leo niliangalia kiti chake mara nyingi kuliko nilivyoangalia ubao. Siku ya sita hayupo.

Ijumaa, 16 Juni

Mto Nyando umevunja kingo. Maji yako Ahero mpaka barabarani. Selpha amepeleka blanketi mbili kanisani.

Jumanne, 20 Juni

Masinde alinifuata chumba cha walimu saa ya chai, akafunga mlango. Hakunipa mkono.

"Mwalimu Ogola, nimesikia kwa wanafunzi. Mimi sikumpa huyo mtoto jibu."

"Nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Thelathini, thelathini na tatu. 1989."

"Hiyo ni yeye alikuwa ananiambia. Alishapata hiyo kitambo. Alikuja kuniomba kamba ya uwanja, ile ndefu. Nikamwuliza ya nini, akasema anataka kuzungusha duara kwa shamba ya mama yake. Nikacheka, nikampa. Mimi nilimpa kamba tu, Mwalimu."

Nikamwambia kwamba mtu mwenye digrii asingeshindwa kuona hizo kumi na sita.

Akavuta kiti akakaa. "Unataka ukweli? Fumbo lako nilikaa nalo jioni tatu. Nilipata nane. Nikafunga daftari, nikasema nimemaliza. Hiyo kumi na tano na arobaini na mbili nimeiona mara ya kwanza kwa daftari ya Amolo, siku ile umefuta ubao."

Mungu anisamehe, nilichosikia kwanza moyoni kilikuwa furaha. Nane! Na digrii yake! Ilichukua muda, mpaka chai yangu ikapoa, ndipo nikakumbuka kwamba kama Masinde hakumpa, basi Nabututu alilipata mwenyewe, na mimi nilimwita mwizi mbele ya wenzake. Nyani haoni kundule, lakini mimi nililifunika langu kwa kanzu nikaitwa mwalimu.

Jumamosi, 24 Juni

Nilikwenda Ahero. Maji yamepungua, yameacha matope mekundu mpaka magotini. Niliuliza shamba la Maximilla, nikaelekezwa kwenye mfereji wa tatu. Nilivua viatu nikavishika mkononi.

Mama yake alikuwa anapanda mpunga upya; nusu ya ule wa kwanza ulisombwa. Alijinyoosha, akajifuta mikono kwa leso.

"Karibu, Mwalimu. Hapa ni matope tu, hata kiti hakuna."

"Nimesimama vizuri, Mama. Nimekuja kumwona Nabututu."

"Yeye alisema anabaki kunisaidia sababu ya mafuriko. Lakini alianza kubaki kabla maji haijakuja." Alinitazama vizuri. "Mimi ni mama yake. Najua akidanganya. Sikumwuliza. Nilisema kuna siku mwenye maneno atafika."

Nabututu alikuja kutoka upande wa pili, miche mkononi. Alinisalimu kwa heshima yote, "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwomba anionyeshe kamba.

Hapa panahitaji maelezo. Mpunga wa skimu haupandwi ovyo. Wanavuta uzi wenye mafundo, fundo kila shibiri, na mche unaingia penye kila fundo. Kisha uzi unasogezwa shibiri moja na wanaanza tena. Ukimaliza, shamba lote ni mistari, kwenda na kukata, kama karatasi ya grafu. Nimeishi Kano maisha yangu yote. Nimepita kando ya mashamba haya mara elfu nikienda kufundisha grafu.

Alichomeka kigingi kwenye mche wa pembeni kabisa. "Hapa ni mlango, Mwalimu," akasema, kwa maneno yangu mwenyewe. Akahesabu miche thelathini kwenda mashariki, thelathini na mitatu kwenda kaskazini, akavuta kamba ya Masinde mpaka hapo na kufunga fundo. Halafu akaanza kutembea na ncha ya kamba, ameinyanyua juu ya miche, akizunguka polepole. Kila mara fundo hilo lilipopita juu ya mche alisimama na kuchomeka kijiti.

"Hapa ilinidanganya," akasema. "Ishirini na tano, na thelathini na saba. Kamba inasema imegusa. Nikazidisha, nikapata 1994. Kidole kimoja tu, Mwalimu, hata haifiki. Nikajua kamba si ya kuaminiwa. Inanionyesha mahali pa kuangalia, lakini lazima nizidishe mwenyewe."

Alipiga hatua chache zaidi, akasimama. Kumi na tano, na arobaini na mbili. Fundo lilikuwa juu ya mche pale pale.

Nilimwomba ile kamba. Nikaishika mimi, mzee wa miaka arobaini na mitano, suruali imekunjwa magotini, nikazunguka nayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wa mashamba ya jirani waliacha kazi wakatazama. Mmoja akaniita mwalimu kwa Dholuo: "Japuonj, umepoteza nini?" Kila mwaka nimewaambia watoto kwamba nambari zenye thamani kamili sawa zinakaa kwenye duara moja. Nilikuwa naisema tu.

"Nabututu," nikasema, "nilikukosea. Mbele ya watu."

"Ndio, Mwalimu."

Nilingoja aseme si kitu, kama watoto wanavyofundishwa kusema. Hakusema. Mama yake aliinama akaendelea kupanda.

Jumatatu, 26 Juni

Leo nimeshinda Kisumu kutwa nzima. Ofisi ya lile shindano iko juu ya duka la vitambaa. Karani alinipa fomu ya kubadilisha jina, na chini yake kuna mstari mmoja: Sababu.

Nilianza na "mwanafunzi wa kwanza ni mgonjwa," nikaona aibu. Nikafikiria "kosa la kuandika." Mwisho nikaandika: Mkuu wa somo alimnyima mwanafunzi bora nafasi yake kwa ajili ya wivu. Niliisoma mara mbili, nikaisukuma mbele. Karani akaipiga muhuri bila kuisoma, akasema, "Next."

Jumanne, 27 Juni

Nabututu amerudi. Niliandika fumbo upya, na majibu yake yote kumi na sita, na jina lake. Nikawaambia kwamba mimi nilikuwa na nane, na kwamba nilimsingizia. Amolo aliinua mkono: "Kwa hivyo mimi siendi, Mwalimu?" Nikasema haendi. "Afadhali," akasema, "mimi tumbo ilikuwa imeanza kuniuma." Hapo wakacheka, na mimi nikacheka.

Leo nitalala vizuri. Nadhani jambo hili limekwisha.

Jumatatu, 3 Julai

Anafanya kazi zote ninazompa, sahihi tupu. Haulizi swali.

Alhamisi, 6 Julai

Nilikuwa nimeandaa karatasi mbili za somo la tarehe 13 Juni, lile la mizizi ya tatu, nimpe Nabututu kivyake kwa kuwa hakuwepo. Nilizishika mkononi, natoka chumba cha walimu, ndipo nikawaona. Wamekaa kwenye ngazi za maabara, yeye na Masinde, daftari katikati yao, na Masinde anachora duara hewani kwa kidole.

Duara. Bila shaka amemaliza kumfundisha. Somo langu, lile moja ninalolisubiri mwaka mzima, na sasa kila atakapolikumbuka atalisikia kwa sauti ya Masinde.

Nilidhani wivu umenitoka kule matopeni. Haukunitoka. Ulikuwa unapumzika. Nimerudisha zile karatasi kwenye droo. Kwa nini nimfundishe mtu alichokwisha kufundishwa, nionekane ninaombaomba?

Jumatano, 12 Julai

Nabututu alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba cha walimu saa ya chai. Nikajua anamngoja Masinde. Nilipita.

Jumatatu, 17 Julai

Leo tena, mlangoni. Nikamwambia, "Mwalimu Masinde yuko uwanjani." Akasema, "Asante, Mwalimu," akaondoka. Hakwenda upande wa uwanja.

Jumamosi, 22 Julai

Tulikwenda Kisumu sisi watatu: yeye, mimi na Masinde. Shule ishirini na moja. Ukumbi ulikuwa na joto na upepo wa ziwa haukuingia. Maswali nane kwa muda wa saa tatu. Mimi na Masinde tulikaa nje kwenye ukuta, tukala mahindi ya kuchoma, na hatukuwa na la kusema ila kuhusu mahindi.

Matokeo yalisomwa saa kumi na moja. Wa kwanza, mvulana wa hapo hapo Kisumu. Wa pili, wa tatu. Nabututu amekuwa wa nne. Alama mbili tu kati yake na Nairobi.

Walitupatia karatasi yake. Maswali saba amepata yote, hata lile la tano ambalo Masinde alisema hadharani kwamba lingemshinda. Swali la sita: tafuta mizizi yote ya tatu ya nambari fulani changamano. Ameandika mmoja, ambao mtu anaweza kuubahatisha, na chini yake ameacha nafasi nyeupe.

Nilimwangalia Masinde. Nilitaka kumwuliza alimfundishaje somo hilo mpaka akaacha miwili. Nilikuwa na hasira, na ndani ya hasira, sitaficha, kulikuwa na kuridhika kidogo.

Jumanne, 25 Julai

Masinde anasema hakufundisha mizizi. Anasema siku ile kwenye ngazi ilikuwa mwendo wa jiwe linalozungushwa kwa kamba. Sijui niamini nini.

Ijumaa, 4 Agosti

Shule imefungwa leo saa sita. Kina Amolo wameondoka na masanduku yao. Nabututu alikuwa akifunga mkoba kwenye baiskeli nilipomwita kutoka dirishani mwa darasa. Akaja.

Niliweka karatasi yake ya shindano mezani, swali la sita juu.

"Hili nililifundisha Juni," nikasema. "Siku ulizokuwa shambani. Siku nilizokufukuza."

"Najua, Mwalimu. Nilikopi kwa daftari ya Amolo. Sikuelewa."

"Kwa nini hukumwuliza Mwalimu Masinde?"

"Alitaka kunifundisha. Ile siku ya ngazi, tulipomaliza Mechanics, aliniuliza kama nimefanya mizizi." Alikuwa anatazama meza. "Nilimkatalia. Nilimwambia hiyo ni ya Mwalimu Ogola, wacha ningoje yeye aniite."

"Na pale mlangoni?"

"Nilikuwa nakungoja, Mwalimu."

Nilikaa. Nilitaka kusema jambo, na kila jambo lililonijia lilikuwa linanihusu mimi. Mwisho nilifungua droo, nikatoa zile karatasi mbili, nikamwambia mtihani wa Novemba bado upo. Akaweka mkoba chini, akaketi kwenye kiti chake.

Nikachukua chaki nikamfundisha somo la tarehe 13 Juni, wiki saba na siku tatu baada ya tarehe yake. Alilielewa kwa dakika ishirini.